Tuta na Ukuta: Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Barabara na Majengo ya Kale, Mtwara

Waheshimiwa viongozi,

Shikamooni kwa mlio wakubwa wangu kiumri, na salaam kwenu nyote mliokabidhiwa barabara, mipango ya mji na majengo ya kale katika mkoa wetu.

Yah: Mtetemo wa malori na nyufa za nyumba za mawe Mikindani

Naandika nikiwa kwenye baraza ya nyumba aliyoturithisha marehemu babu yangu. Kutoka hapa hadi ukingo wa lami ni hatua 15. Nyumba ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, dari yake imebebwa na boriti za mikoko, na kuta zake zina unene wa dhiraa moja. Mimi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari, na baba yangu alikuwa fundi mwashi. Nayataja haya mapema ili mjue kwamba nitakayoyasema nimeyapata kwa chaki na kwa mwiko pia.

Juzi, yapata saa sita na nusu usiku, mama aliniita. Nilidhani anaumwa. Nikamkuta ameketi kitandani, kiganja kimelala ukutani kama anayempima mtoto homa. "Mwanangu," akasema, "hebu ushike huu ukuta." Nikaweka mkono wangu kando ya wake. Lori la makaa ya mawe lilikuwa linakuja kutoka upande wa Mingoyo. Likapunguza mwendo, likapanda tuta lililo mbele ya nyumba yetu. Ekseli ya kwanza ikashuka, ya pili, ya tatu, na kila iliposhuka moja ukuta ulijibu chini ya vidole vyetu. Kabatini vikombe viwili vya kaure vikagongana. Vingine sita vilivyo rafu hiyo hiyo vilitulia. Mama anasema ni viwili vile vile kila usiku, na kwamba siku hizi hashtuki tena kuta zikitikisika, bali hushtuka zikitulia.

Mwaka jana nilipeleka malalamiko kwenye ofisi moja. Haikupita mwezi akaja bwana mmoja, mtu wa heshima na maneno mazuri, akautazama ufa wa chumba cha mbele kama dakika 10, akaupiga picha, akasema nyumba za zamani zote hupasuka. Kisha akaaga. Sina kinyongo naye, kwa sababu alisikiliza na alikunywa chai yetu. Ila hakuja na kifaa hata kimoja. Mtetemo hauonekani kwa macho, na picha ya ufa haisemi ufa umeletwa na nini. Ninachokiomba katika barua hii, kuliko yote, ni kifaa: njooni mpime, halafu ndipo mtujibu.

Niwe mkweli kwenu kama ninavyotaka mniwie wakweli. Huenda yule bwana alisema kweli. Ufa una baba wengi. Jua la mchana hutanua ukuta na usiku huurudisha. Chumvi ya bahari hula chokaa kimyakimya. Maji ya chini, kwetu sisi tunaokaa ukingoni mwa ghuba, hupanda na kushuka. Mwarobaini uliopandwa karibu na msingi hautaki ruhusa ya mtu. Na zaidi ya hayo, mwili wa binadamu ni mwepesi mno kuhisi: mtu aliyelala huanza kuusikia mtetemo ardhi ikienda kwa kasi ya kama milimita 0.3 kwa sekunde, wakati kanuni ya Ujerumani inayotumiwa sana kwa jambo hili, DIN 4150, inaweka tahadhari kwa majengo ya kale kwenye milimita 3 kwa sekunde penye mitetemo ya polepole, na milimita 5 kwa nyumba za kawaida. Hivyo kuna pengo la mara 10 kati ya kinachomwamsha mama na kinachoanza kutishia ukuta wake. Hofu ya mama peke yake haitoshi kuwa ushahidi. Lakini vilevile, kusema "ni uzee wa nyumba" bila kupima nako hakutoshi. Pengo lile hujazwa na namba tu.

Sasa niruhusuni nieleze kinachotokea pale mbele, kwa sababu dawa imo ndani ya maelezo.

Darasani huwapanga wanafunzi mstari mmoja, bega kwa bega, nikamsukuma taratibu wa mwisho. Msukumo unasafiri mpaka upande wa pili, na kila mmoja anabaki pale pale aliposimama. Ardhi ndivyo ilivyo. Tunaiita ngumu, lakini ni nyumbufu: mchanga ulioshikamana, jiwe, zege, tofali, vyote hubonyea kidogo vikisukumwa na kurejea vikiachiwa, na katika kurejea huko humsukuma jirani. Gurudumu likishuka kutoka kwenye tuta huipiga ardhi, na ardhi hupeleka habari kwa namna tatu. Yako mawimbi ya kusukumana mbele na nyuma, kama yale ya wanafunzi wangu. Yako ya kuyumba ubavuni. Na yako yanayotambaa juu ya uso wa ardhi, ambayo mwaka 1885 mwanasayansi wa Uingereza, Lord Rayleigh, aliyabashiri kwa hesabu tupu kabla hajayaona mtu kwenye kipimo. Haya ya tatu huzungusha chembe za udongo kwenye duara lililobanwa, na huku juu mzunguko wake huenda kinyumenyume na safari ya wimbi.

Nayasisitiza haya ya tatu kwa sababu ndiyo yanayobeba mzigo. Mwaka 1955, watafiti Miller na Pursey walipiga hesabu ya kitu kinachogonga uso wa ardhi kutoka juu, wakakuta asilimia 67 ya nguvu hutoka kwa mawimbi ya juu ya ardhi, 26 kwa yale ya kuyumba na 7 tu kwa ya kusukumana. Na yale ya juu ya ardhi hayachoki haraka. Ukikaa mbali mara nne zaidi, ukubwa wake hupungua nusu, ukiacha kile kinachonyonywa na udongo wenyewe. Yale mengine mawili, pale pale juu ya uso, yangebaki sehemu moja ya kumi na sita. Ndiyo maana jirani wa nyumba ya tatu kutoka barabarani naye huja kuniuliza kama nimesikia.

Kwa nini tuta? Lori lina midundo yake. Bodi na mzigo juu ya springi hupanda na kushuka mara 2 hadi 4 kwa sekunde. Ekseli na magurudumu, vilivyo chini ya springi, hudunda mara 8 hadi 15 kwa sekunde. Barabara iliyo laini haiamshi sana midundo hii hata lori liwe zito. Tuta huiamsha yote kwa mkupuo, na shimo hufanya vivyo hivyo. Hata kiraka kilichoachwa kimeinuka kidole kimoja ni nyundo ndogo. Sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu lori la tani 56 kwa jumla, na tani 10 kwa ekseli moja yenye magurudumu manne. Basi fikirini tani 8 hadi 10 zinadondoshwa, halafu nyingine kama hizo nyuma yake, mpaka tela liishe, na lote hili limetokea hatua 15 kutoka kichwani pa mtu aliyelala.

Tuta hilo nililidai mimi. Mtoto wa jirani aligongwa pale akivuka kwenda madrasa, alhamdulillahi alipona, na sisi watu wa mtaa tukaandika barua, nami nikatia sahihi. Sikutaka na sitaki malori yapite mbio. Ninachosema ni kwamba tulitafuta kinga ya mtoto tukaipata kwa gharama ya ukuta, wakati vyote viwili vingeweza kulindwa. Zile rasta, yaani vituta vyembamba vinavyofuatana, tulizoongezewa baadaye kabla na baada ya tuta nazo zina kazi yake nzuri porini, dereva anayesinzia aamke. Mbele ya nyumba za chokaa zinaamsha wasiotakiwa kuamka.

Nilitaja vikombe viwili. Navyo vina somo lao. Mnajua wapigaji wetu huku kabla ya sindimba kuanza hupasha ngoma joto kwenye moto wa majani makavu. Ngozi ikikaza, sauti hupanda. Ngoma moja ina sauti yake, nyingine ina yake, na ukipiga moja kwa nguvu, ile iliyokazwa sawa nayo huanza kuvuma yenyewe bila kuguswa. Isiyolingana hukaa kimya. Kila kitu chenye unyumbufu na uzito kina mdundo wake wa asili. Kikipigwa kwa mdundo huo, huitikia kama kiitikio cha wimbo, na kila mpigo hukuta kingali kinayumba kutokana na uliopita, hivyo huongeza. Rafu ya kabati la mama imebonyea katikati, na vikombe viwili vimekaa pale inaponing'inia. Nyumba nazo ni hivyo. Nyumba fupi za mawe na dari za boriti ndefu mara nyingi zina mdundo wa asili unaoangukia jirani na ule ule wa ekseli za malori. Hilo halikupangwa na mtu. Lakini ndilo linalofanya mtetemo unaofika msingini ukiwa mdogo ufike darini ukiwa mkubwa, na ndiyo sababu nasema kipimo kimoja kilichowekwa barabarani hakitatosha.

Kuna jambo jingine linalonikosesha usingizi zaidi ya vikombe. Kwenye mchanga mlegevu kama wa ukingo wa bahari, wimbi la juu ya ardhi laweza kwenda kwa mwendo wa kama mita 150 kwa sekunde. Kwa mdundo wa mara 10 kwa sekunde, kutoka mgongo mmoja wa wimbi hadi mwingine ni mita 15. Nusu yake ni mita saba na nusu. Nyumba yetu, kutoka ukuta wa mbele mpaka wa nyuma, nimeipima kwa futi kamba: ni karibu mita nane. Maana yake, pale upande wa mbele unapoinuliwa, wa nyuma unashushwa, na kuta za ubavuni zinapindwa kama mtu anavyojaribu fito kwa goti. Ni kupinda kudogo mno. Milimita 3 kwa sekunde kwa mdundo huo ni msogeo wa milimita 0.05, unene wa unywele mwembamba. Ila mawe ya matumbawe na chokaa huvumilia kubanwa kuliko kuvutwa, na kinachopindwa lazima upande mmoja uvutwe. Unywele mmoja kila ekseli, ekseli kila lori, lori kila usiku.

Katika kikao cha mtaa mzee mmoja alipendekeza tuchimbe mtaro kati ya barabara na nyumba ukate mtetemo. Si wazo la kijinga. Limefanyiwa majaribio Marekani na Richard Woods, na mwaka 1968 akatoa matokeo kwamba mtaro hufaa ukiwa na kina cha karibu asilimia 60 ya urefu wa wimbi. Kwa wimbi letu la mita 15, hiyo ni mita 9. Hapa ukichimba mita mbili unakutana na maji ya bahari. Wengine wakasema tupande miti, lakini mti utatupa kivuli tu, hautazuia kitu kinachopita chini ya mizizi yake. Ukishaona hivi, unabaki na njia moja ya maana: kuzuia kwenye chanzo, palepale tairi linapogusana na barabara.

Nimefanya niliyoweza kwa vitu nilivyonavyo. Nilichukua vioo vyembamba vya darubini kutoka maabara, vile vya kuwekea sampuli, nikavigandisha kwa plasta ya jasi kukatiza ufa: kimoja ukuta wa mbele, kimoja wa ubavuni, kimoja wa nyuma. Mafundi wa zamani walifanya hivi hivi. Kioo hakinyumbuki kiasi cha kuusitiri ufa unaotembea. Cha mbele kilikatika kabla ya wiki tatu kutimia, mkato mmoja ulionyooka kama umepigwa rula. Cha ubavuni kikafuata. Cha nyuma kipo mpaka leo asubuhi, nimekifuta vumbi kabla ya kuanza kuandika. Mawe ya kuta zote ni ya aina moja, na zilipandishwa na fundi mmoja kwa chokaa ile ile. Sisemi kwamba hili limemaliza kesi. Kioo kilichokatika kinasema ufa umesogea, hakisemi nani kausogeza. Upande wa mbele ndio pia unaopigwa na jua la asubuhi na upepo wa kusi. Nasema tu kwamba jambo hili linastahili zaidi ya dakika 10.

Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu nao walishiriki. Simu nyingi za leo zina kihisi cha mtikisiko ndani yake, na iko programu ya bure, phyphox, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani, inayokichora kwenye kioo cha simu. Tuliweka simu sakafuni, tukazuia watu kutembea, tukangoja. Mstari ulikuwa umetulia, halafu lori likapanda tuta na mstari ukafura kama mgongo wa paka aliyetishwa, ukapiga vilele vilivyofuatana kwa hesabu ya ekseli, ukalala tena. Binti mmoja akauliza swali ambalo lilinifurahisha kuliko jibu lolote: "Mwalimu, madirisha yanayotikisika si ni sauti tu ya injini?" Ni swali la haki. Mngurumo mzito wa injini hupita hewani na kutikisa vioo vya madirisha hata ardhi ikiwa imetulia, na lori tupu linalorudi hupiga kelele za mabati kuliko lililojaa. Ndiyo maana simu tuliiweka sakafuni, kwenye kona ya ukuta. Dirisha lingetudanganya.

Simu si kifaa cha kisheria, najua. Kwa mdundo wa mara 10 kwa sekunde, ile milimita 3 kwa sekunde ni sawa na mchapuko wa mita 0.19 kwa sekunde kwa sekunde, yaani kama sehemu moja ya hamsini ya mvuto wa dunia. Simu inaweza kuona hivyo, ila haijathibitishwa na mtu, na hainakili kwa wiki mbili mfululizo. Kifaa halisi si cha ajabu wala si cha Ulaya pekee. Wanaopasua miamba kwa baruti hutumia vipima mtetemo hivyo hivyo kuhakikisha hawabomoi nyumba za majirani. Kinapima pande tatu kwa pamoja, juu chini, mbele nyuma na kushoto kulia, na hutunza kila tukio na saa yake. Nawaomba mkiweke katika nyumba tatu, iliyo karibu na tuta, iliyo mbali na tuta lakini barabarani, na moja ya ndani ya mtaa. Kila nyumba iwe na kipimo kimoja msingini na kingine juu kabisa, karibu na dari, kwa sababu ile ya kuitikia niliyoeleza. Mkiache wiki mbili, usiku na mchana. Matokeo yabandikwe kwenye ubao wa ofisi ya mtaa, yakiwa mazuri au mabaya. Kama namba zitasema malori hayana hatia, mimi mwenyewe nitasimama kwenye kikao niwaambie majirani, na nitamtafuta yule bwana nimwombe radhi.

Wakati kifaa kinatafutwa, tuta lisingoje. Tunaomba kinga ya watoto ihamishwe, isiondolewe: kivuko kipana kilichoinuliwa taratibu, chenye mteremko mrefu, mahali pasipo na nyumba za mawe kando, askari saa za shule na za madrasa, na mwendo wa kilomita 30 kwa saa usimamiwe kweli kweli kipande chote cha mji mkongwe. Mashimo yazibwe yasawazishwe, si kurundikiwa kokoto na lami mpaka kiraka kiwe tuta la pili. Na siku mkandarasi atakapokuja kukarabati, mwekeeni sharti kwenye mkataba: mtambo wa kushindilia upite mbele ya nyumba hizi ukiwa umezimwa mtetemo, kwa uzito wake tu, hata kama utalazimika kupita mara nyingi zaidi. Kabla hajaanza, kila ufa upigwe picha ukiwa na rula pembeni na mwenye nyumba atie sahihi. Hiyo itawalinda hata ninyi na madai ya uongo.

Sina ugomvi na makaa, saruji wala korosho. Bandari inawalisha vijana niliowafundisha, baadhi yao ndio hao madereva wanaonipigia honi ya salamu. Wazee wanakumbuka mzigo mzito wa kusini ulipokuwa unapita kwenye reli ya Nachingwea, ile ya mpango wa karanga, kabla haijang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tumesikia pia kwamba bandari mpya ya Kisiwa Mgao inakusudiwa kuchukua makaa na saruji, na ikianza kazi tutapumua. Tunashukuru kwa hilo. Lakini ukuta hauujui mpango wa baadaye, unahesabu ekseli za usiku wa leo.

Kuhusu ukarabati, niseme neno kama mtoto wa fundi. Methali ya ufa na ukuta kila mtu anaijua, na kwetu imetiiwa: ufa wa mbele umezibwa karibu kila mwaka. Umezibwa kwa saruji, kwa sababu saruji inapatikana duka la kona na hukauka kesho yake. Na kila mwaka ufa umerudi, si pale ulipozibwa, bali kidole kimoja pembeni. Marehemu baba alikuwa akikasirika. Alisema chokaa ni mzee anayejua kuinama, na saruji ni kijana asiyeinama. Fizikia inamuunga mkono. Wimbi likisafiri kwenye ukuta mlaini likakutana na kipande kigumu, sehemu yake hurudishwa na sehemu huendelea, na mivutano hurundikana pale viwili vinapokutana. Kipande cha saruji hakipasuki. Kinaupasua ukuta uliokishika. Chokaa iliyoiva hunyumbuka pamoja na jiwe, na mikwaruzo myembamba ndani yake huweza kujiziba taratibu kwa unyevu na hewa. Wako wazee wachache hapa Mikindani wanaojua bado kuchoma na kuivisha chokaa. Wekeni fedha kidogo wafundishe vijana wa chuo cha ufundi kabla hatujawazika.

Kwa wataalamu wenu nina pendekezo lisilo na gharama kubwa. Bibi yangu hakununua chungu sokoni bila kukigonga kwa kifundo cha kidole. Chungu kizima hulia, chenye ufa hukohoa, hata kama macho hayauoni huo ufa. Baba alifanya hivyo kwenye lipu kwa mpini wa mwiko: palipoachana na ukuta husikika utupu. Wahandisi wa zege wanafanya yale yale kwa mawimbi yasiyosikika na sikio, na wanajua zege zuri hupitisha mawimbi kwa kilomita 3.5 hadi 4.5 kwa sekunde, na likishuka chini ya 3 wanaanza kuuliza maswali. Chukueni kifaa hicho, mpime ukuta wa mbele wa nyumba yetu na ule wa nyuma, mawe yale yale, chokaa ile ile. Kama mawimbi yanachelewa zaidi kwenye ukuta wa mbele, mtakuwa mmejua ufa umeingia ndani kiasi gani bila kubomoa hata jiwe.

Mji huu si wa kutupwa. Mwaka 1866 Livingstone alipita hapa akielekea bara katika safari yake ya mwisho. Boma la Wajerumani lililojengwa 1895 lilikarabatiwa na sasa linapokea wageni. Wenzetu wa Lindi wana Kilwa Kisiwani, urithi wa dunia tangu 1981. Mwaka 2004 uliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, kazi ikafanyika, na 2014 ukatolewa. Adui wa Kilwa ni bahari na mvua. Kule kisiwani hakuna lori linalopita mlangoni mwa Msikiti Mkuu. Adui ninayemshuku mimi hapa Mikindani anaweza kupunguzwa makali kwa sepetu, lami na kibao cha mwendo. Sheria ya Mambo ya Kale tunayo tangu 1964, na kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo tunazo tangu 2015. Sidhani tunahitaji sheria mpya ili mtu aje na kipimo.

Mkija, msije saa nne asubuhi kama mara ile. Saa hiyo barabarani kuna bajaji na daladala tu, na ukuta umetulia kama mtu aliyeshiba. Malori mazito huanza kupita baada ya saa tano usiku. Nimeshamwambia mama kwamba mtakuja. Amesema chumba cha mbele atakiacha wazi na taa itakuwa inawaka. Kile kioo cha ukuta wa nyuma sitakigusa mpaka mkione.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa fizikia na mkazi wa Mikindani